Keki ya Tarehe Ishirini na Saba

Mkebe wowote ukiingia nyumbani kwangu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kubandua stika ya bei. Watoto wangu hunicheka. "Mama anatafuta nini huko chini?" Waache wacheke. Wiki iliyopita nilikuwa Isiolo, nimesafiri kutoka Nakuru kwenda kwenye taazia, na sikutaka kuingia kwa watu mikono mitupu, basi nikapitia supamaketi moja ya barabara kuu. Krismasi ilikuwa imepita siku mbili. Rafu ya mbele ilijaa mabaki ya sikukuu: biskuti za mikebe, keki, chupa kubwa za juisi, peremende za rangi rangi, yote yamebandikwa stika nyekundu za bei iliyoshushwa. Nilivaa miwani nikaanza kubandua moja moja kwa ukucha, nisome kilichoandikwa chini yake, mpaka kijana wa duka akaja mbio. "Mathe, hiyo hairuhusiwi." Nikamwambia, "Kijana, mimi nilibandika hizi stika kabla wewe hujazaliwa. Niache nisome." Akaniacha, labda kwa sababu ya sauti yangu, maana nina sauti. Nilisoma mikebe sita nikairudisha yote. Nikanunua tende na sukari, nikaenda zangu Bulapesa, mtaa niliokulia.

Aliyefariki ni Mama Kaltuma, jirani yetu wa ukutani. Kaltuma bintiye, rika langu, alikuwa ameniandikia kwenye simu: Aayo ametuacha. Aayo ndivyo wanavyomwita mama kwa Kiborana. Nilipousoma ujumbe tayari alikuwa amezikwa, kwa kuwa Waislamu hawacheleweshi maiti. Njia nzima kutoka Nakuru sikumwaza alivyokuwa mwisho, mzee na miguu yake imevimba. Nilimwaza akiwa wima katikati ya sebule yake, birika mkononi, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nimebeba mwaka ule peke yangu muda mrefu mno na leo nataka kuutua.

Nyumba yetu na ya kina Mama Kaltuma zilitenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa mabati na mbao tu. Ukikoroga chai upande huu, kijiko kinasikika upande ule. Mama yangu na Mama Kaltuma hawakuwa na haja ya kutembeleana ili wazungumze. Mama angekuwa anachambua maharagwe kwenye chumba chetu cha nyuma, anasema bila kuinua sauti, "Mama Kaltuma, una chumvi?" na jibu linakuja, "Mama Akiru, tuma mtoto." Akiru ni mimi. Sisi ni Waturkana, watu wa kanisa. Wao ni Waborana, Waislamu, na Mzee Guyo, baba yake Kaltuma, alikuwa mtu wa msikitini kila swala. Mama Kaltuma alikuwa akifua nguo za maafisa wa kambi ya jeshi, miaka na miaka, na kazi hiyo ilikuwa imempa pua. Alikuwa akiinusa nguo kwa mbali anakwambia, hii ilikuwa kwenye nyama choma, hii ilikuwa kwa mwanamke, hii imemwagikiwa pombe, na hiyo ya pombe huiosha peke yake katika beseni lake, mara nyingi. Sisi wasichana tulikuwa tukimletea nguo anuse ili tucheke.

Kati ya nyumba hizi mbili kulikuwa na sahani. Sahani ya bati, nyeupe, yenye mstari wa buluu ukingoni. Hakuna aliyekumbuka ilianzia kwa nani. Ikija kwetu na anjera, ile mikate yao myembamba, inarudi na maembe. Ikija na pilau ya Idd, inakaa mpaka tupate cha kuijaza. Hairudishwi tupu, na zamu ikiwa yako, ni yako. Wakati wa Krismasi mama hununua mbuzi, na siku hiyo Mzee Guyo huja na kisu chake mwenyewe, anamwelekeza mbuzi kibla, anasema bismillahi, anachinja. Ndivyo watu wengi wa mtaa wetu walivyofanya ili majirani wote wale. Mimi nilikua nikidhani Krismasi bila Mwislamu wa kuchinja si Krismasi.

Halafu ukaja mwezi wa tano wa mwaka ule. Mvua ilikuwa imegoma, wafugaji wa Kiturkana na wa Kiborana wakakutana kisimani, na kilichotokea huko sitakieleza kwa sababu kila upande una hadithi yake na nimezichoka zote mbili. Kitu ninachojua ni kwamba mjomba wangu wa Ngaremara alizikwa siku ya Jumanne, na kijana wa Mzee Dida wa Sericho, ndugu mkubwa wa Mzee Guyo, alikuwa amezikwa Jumatatu. Vifo viwili, siku mbili, ukuta mmoja katikati. Usiku na mchana ule tulilia upande huu tukiwasikia wakilia upande ule, na hakuna aliyesema pole. Mama alifunga mdomo. Mama Kaltuma alifunga mdomo. Tulianza kukoroga chai polepole ili kijiko kisisikike. Ninyi mnaosoma mmeishi na ugomvi wa kelele, labda. Wa kwetu ulikuwa wa kunyamaza, miezi saba, na nawaambia ni afadhali kelele.

Idd ilikuja mwezi wa kumi na moja. Harufu ya pilau ilipita kwenye mabati kama kawaida. Mama alikaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi, amejifanya anashona, lakini sindano haikwenda popote. Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Jioni akatupa nguo chini. "Hata kijiko kimoja cha wali?" akasema kwa sauti ya chini sana, ya ukuta. "Miaka yote hii, Akiru? Hata kijiko?" Mimi nilikuwa nimeinama kabatini natafuta kikombe, na hapo, chini ya masufuria, nikaiona. Nikaitoa. Mstari wa buluu, vumbi juu. Ilikuwa imekuja na nyama ya kukaushwa, ile ya kuhifadhiwa kwenye samli, wiki moja kabla ya kisa cha kisimani, na hatukuwa tumeirudisha. "Mama," nikamwambia, "wangeleta na nini? Sahani iko kwetu." Bila shaka walikuwa na sahani zingine kumi. Lakini zamu ilikuwa yetu, na mtu hapeleki juu ya zamu ya mwenzake. Mama aliitazama ile sahani mpaka nikaona haya kuishika. "Akuj wangu," akasema, Mungu wangu. "Kumbe wao ndio wanaotungoja sisi."

Kuanzia hapo hakuwa na neno lingine. Sahani itarudi Krismasi. Itarudi imejaa. Lakini imejaa nini? Mbuzi hawakuwepo, walikufa na kiangazi, na hata angekuwepo, nani angebisha kwa Mzee Guyo amwambie njoo na kisu? Kuku, shida ni hiyo hiyo. Chakula cha kupikwa kwenye masufuria yetu mama alikiogopa pia. Alisema watu wenye majonzi wana haki ya kushuku sufuria. "Keki," akasema usiku mmoja baada ya kufikiri siku tatu. "Keki haina damu. Ya dukani, ya mkebe, imefungwa huko huko kiwandani. Hapo mtu atasema nini?" Akanigeukia. "Na wewe si uko huko dukani?"

Ndiyo, nilikuwa dukani. Nilikuwa nimemaliza fomu ya nne, nimepata kibarua cha Disemba katika supamaketi, kazi yangu kupanga rafu na kubandika bei. Na keki zilikuwepo: mikebe myekundu ya kutoka nje, picha ya ndege amekaa juu ya tawi lenye theluji, ndani keki nyeusi ya matunda. Bei yake ingetulisha wiki mbili. Lakini sisi wa ndani tulijua siri. Isiolo, vitu vya Krismasi vinavyoletwa ni vingi kuliko watu wa kuvinunua. Tarehe ishirini na sita bei inashuka, ishirini na saba inashuka tena, nusu, halafu vinatolewa rafuni. Wafanyakazi wote walikuwa na mahali pao pa kuficha. Kawira, keshia, Mmeru mwenye mdomo mtamu, alificha chupa zake za juisi nyuma ya ndoo za rangi. Mimi nilificha mkebe mmoja nyuma ya mifuko ya chakula cha mbwa, kwa kuwa Isiolo nzima sikuwahi kuona mtu akinunua chakula cha mbwa. Nikamwambia mama tungoje. Mama akasema, "Krismasi itangoja." Tarehe ishirini na tano tulienda kanisani, tukarudi tukala ugali na sukuma, na waliotuuliza kulikoni tukawaambia tumbo la mama linasumbua.

Tarehe ishirini na sita meneja alinipa karatasi ya stika nyekundu. "Usifunike picha," akanionya. "Picha ndiyo inauza. Bandika nyuma, chini, hapo kwenye maandishi madogo." Nikabandika. Mikebe yote, mmoja baada ya mwingine, na ule wangu wa nyuma ya mbwa pia. Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile nilisoma yale maandishi. Nadhani sikusoma. Nani anasoma mkebe? Lakini nilikuwa na macho, tena ya miaka kumi na tisa, na vidole vyangu vilipita juu ya lile neno zaidi ya mara kumi.

Mchana wa siku ile ile, mwanamke mmoja mgeni akaingia, akasimama mbele ya meneja, akauliza, "Mko na chakula cha mbwa?" Jamani! Mwaka mzima hakuna, aje leo! Meneja akafurahi utadhani ameletewa zawadi, akaanza kuelekea kule nyuma mwenyewe. Mfanyakazi aliyekamatwa ameficha bidhaa alifukuzwa papo hapo, bila malipo ya mwezi, na tarehe ilikuwa ishirini na sita. Lakini wallahi sikuwaza malipo. Niliwaza ile sahani. Nilimtazama Kawira. Kawira akapiga droo ya pesa kwa kiganja akapaza sauti, "Meneja! Mashine imekwama tena!" Meneja akageuka. Nikamchukulia yule mwanamke mfuko wa mbwa mwenyewe, nikasukuma mkebe nyuma zaidi kwa goti.

Ishirini na saba nikaubandika mkebe wangu stika ya pili juu ya ya kwanza, nikaenda nao kwa Kawira, nikalipa nusu ya bei, nikatoka saa saba na mkebe kifuani. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa. Sahani ameisugua kwa majivu hadi mstari wa buluu unang'aa. Tulifungua mkebe, harufu ikajaa chumba, nzito, tamu, ya zabibu na viungo nisivyovijua. Mama, ambaye maisha yake yote hajatia tone la kileo mdomoni, akafumba macho. "Hii ndiyo keki," akasema. Akaikata katikati, nusu akaipanga vipande kwenye sahani, nusu akaiacha kwenye mkebe iwe yetu ya jioni. Niliramba makombo kwenye kisu. Yaliniwasha koo kidogo. Nikasema ni tangawizi.

Alitoka baada ya saa kumi. Nilisikia malapa yake yakizunguka nje, nikasikia lango lao, nikasikia kimya cha mtu anayesimama mlangoni asijue kama ataambiwa aingie. Halafu sauti ya Mama Kaltuma, ambayo sikuwa nimeisikia ikisema na sisi tangu mwezi wa tano. "Mama Akiru." Na baada ya muda, "Ingia, ingia. Karibu ndani." Nilikaa chini nikalia, kwa furaha tu, mjinga mimi. Kisha nikafuta uso nikatafuta kazi ya kufanya. Mama alikuwa ameutaka ule mkebe uwe wa sukari. Nikaihamishia nusu yetu kwenye bakuli, nikamwaga maji ya moto kwenye beseni, nikauzamisha mkebe.

Stika zikajiachia zote mbili kwa pamoja, zikaelea. Nikaona maandishi madogo. Unga, siagi, zabibu kavu, maganda ya machungwa, na katikati, wazi kabisa, brandi. Nilisoma mara tatu. Nikanusa bakuli. Sasa sikusikia kitu kingine chochote, pombe tupu, nikashangaa tulikuwaje wapumbavu kiasi hicho.

Na hapo hapo, upande wa pili wa ukuta, mwanamume akakohoa. Haikuwa sauti ya Mzee Guyo. Mama Kaltuma akasema, kwa ile sauti ya kumfahamisha mgeni, "Mama Akiru, huyu ni shemeji yangu, Mzee Dida. Amefika jana kutoka Sericho." Baba wa yule kijana. Yule yule aliyekuja mwezi wa sita, nikamsikia kupitia ukuta huu akiuliza, "Hao mnakaa nao vipi?" na Mama Kaltuma akamjibu, "Hao si watu wa kisimani, shemeji. Hao ni jirani." Nilisikia mama yangu akisema pole. Pole iliyochelewa miezi saba. Nilisikia Mzee Dida akisema pole kwa mama, kwa ajili ya mjomba. Halafu nikasikia vikombe vikipangwa, na mama akisema, "Tumewaletea keki kidogo, ni ya Krismasi. Onjeni."

Ningeweza kunyamaza. Wangekula, wasingejua, na Mungu anahukumu kwa nia. Nilifikiria hivyo kweli, sitadanganya. Lakini mmoja wao akijua? Pua ya Mama Kaltuma, pua ile! Mzee ambaye kijana wake aliuawa na watu wetu, analishwa pombe na mkono wa Mturkana, ndani ya nyumba ya ndugu yake. Nani angeamini kwamba ni stika? Na nikienda kusema ukweli, nitalisema vipi neno pombe mbele ya mzee yule? Likishatoka halirudi, litafika Sericho kabla ya gari lake. Nilitoka mbio bila viatu.

Sebule yao ilikuwa na mkeka mkubwa, meza fupi, na viti vya mbao ukutani. Mama alikaa mgongo wima utadhani anapigwa picha. Kaltuma alikuwa pembeni na sinia la vikombe. Mzee Dida, kofia nyeupe, fimbo kati ya magoti, tayari alikuwa ameshika kipande cha keki mkononi. Mama Kaltuma alikuwa amesimama katikati, amelishika birika la chai juu ya meza, juu ya sahani kabisa, na alikuwa hamimini. "Ngojeni Guyo atoke msikitini," alikuwa akisema. "Tule pamoja. Ngojeni kidogo." Uso wake ulikuwa na jasho.

"Guyo atatukuta," Mzee Dida akasema, polepole, na nikaona kwamba lilikuwa neno zito kwake, alikuwa amelichukua kutoka mbali. "Mtu ameleta mkono wake. Tusiuache hewani." Akainua kipande. "Bismillahi."

"Asalaam aleikum," nikasema, nikaingia mzimamzima. Nilikwaza mguu kwenye mkeka kwa makusudi, nikajitupa mbele, mkono mmoja ukapiga kile kipande mkononi mwa mzee, mwingine ukaangusha sahani. Ikagonga pembe ya meza, ikalia, ikaviringika hadi mlangoni. Keki ikatapakaa mkekani, na ili kuwa na hakika nikaweka goti juu yake nikalisukuma. Halafu mama akasimama, akanizaba kofi moja la shavuni ambalo hata leo nikilala vibaya nalisikia. "Umerogwa wewe?" akapiga kelele. "Akiru! Umerogwa? Miezi saba! Miezi saba, halafu wewe!" Akashindwa kuendelea. Akafunika uso kwa leso.

Mzee Dida alikuwa bado anatazama vidole vyake vitupu. Nilingoja ainuke aondoke. Akasema, "Mama, mtoto akianguka, anaulizwa kama ameumia." Akanitazama. "Umeumia?" Nilitingisha kichwa kusema hapana, nikalia hadi kamasi. Mama Kaltuma akalitua birika chini, na kwa haraka ambayo niliiona ya ajabu hata wakati ule akazoa keki yote kwa mikono yake, kila kombo, akakataa kusaidiwa, akaukunja mkeka, akatoka na vyote nje. Nilimsikia akiosha sahani uani, anamwaga maji, anaosha tena, anamwaga, anaosha tena. Aliporudi alikuwa akicheka. "Sasa, Mama Akiru, mtoto wako ameanguka na keki yako, lakini huondoki bila kula. Kaltuma, koleza jiko." Wakala anjera na maziwa ya ngamia. Mzee Guyo alirudi kutoka msikitini akamkuta mama yangu na ndugu yake wakizungumza habari za kiangazi. Sahani ilirudi nasi jioni hiyo, imejaa nyama ya kukaushwa, na ukingoni ina alama nyeusi pale ilipogonga meza.

Sikumwambia mama. Usiku ule nilitaka, lakini ningemwambia wapi? Ukuta ulisikia kila kitu. Nilikuwa nimetupa nusu yetu chooni kabla hajarudi, na alipoliona bakuli tupu akanitazama kwa huzuni iliyonichoma kuliko kofi. "Ya watu umemwaga," akasema. "Ya kwetu umekula peke yako." Nikasema ndiyo. Siku zikapita, vijiko vikaanza kusikika tena, watu wawili wakaanza kuombana chumvi, na nani angetaka kurudi nyuma kuchokoa? Nikaenda Nakuru, nikaolewa, nikazaa. Kila nikirudi mama aliwaambia wajukuu, "Msimpe mama yenu sahani, ana mikono ya mafuta. Aliwahi kumwaga Krismasi nzima." Wote wakicheka nami nikicheka, nikimkasirikia, miaka zaidi ya ishirini.

Basi wiki iliyopita nilifika Bulapesa na tende zangu. Ukuta sasa ni wa mawe. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, na mama yangu, mzee, leso begani, alikuwa ameketi karibu kabisa na mlango wa chumba cha marehemu, mahali pa ndugu. Nikakaa naye. Kaltuma akaja akanikumbatia, tukalia, kisha akakaa mbele yetu na kuanza kucheka huku machozi yanatoka. "Aayo alikutaja wiki ya mwisho," akaniambia. "Akasema, ukimwona Akiru mwambie nilinusa."

"Alinusa nini?" mama akauliza. Siku hizi hasikii vizuri, lakini hilo alilisikia.

"Ile keki, Mama Akiru. Siku ile. Aayo alijua ulipovuka tu mlango, kwamba ina pombe. Akajua pia kwamba wewe hujui. Akasema hajawahi kukwama vile maishani. Akuambie, akuaibishe mbele ya Abba Dida, baba yangu mkubwa? Anyamaze, mzee ale haramu?" Kaltuma akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa ameshaamua. Lile birika lilikuwa la moto, limejaa. Alikuwa anajipa moyo alimwage lote juu ya keki, aseme mkono umeteleza. Ndipo Akiru akaingia akaanguka. Mpaka amekufa alikuwa anasema, mtoto wa jirani alinitoa aibu, na mama yake akampiga, na mimi sikuweza kusema kitu."

Wanawake walikuwa wakiitikia dua chumba cha ndani. Kaltuma akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya bati yenye mstari wa buluu na alama nyeusi ukingoni, amejaza anjera na tende, akamwekea mama magotini. Zamu ilikuwa yao, nadhani. Mama akaishika kwa mikono miwili, akaitazama ile alama kwa muda.

"Ilikuwa na pombe?" akaniuliza.

"Ilikuwa na brandi, Mama. Stika yangu ndiyo iliyofunika."

"Na ile nusu yetu?"

"Niliitupa chooni."

"Hukuila."

"Sikuila."

Akaiweka sahani chini, taratibu, isitoe sauti. Akanigeukia. Mkono wake sasa ni mwepesi, mifupa tu na ngozi; akauinua hadi karibu na uso wangu, ukasimama hapo, ukaenda kushoto, ukarudi kulia.

"Ilikuwa shavu gani?" akasema.